Nje ya Nchi Ukitokea Tanga: Mwongozo Kamili wa Likizo Isiyokuachia Madeni

Kutoka stendi ya Kange mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Kutoka hapo hapo Kange mpaka kivuko cha Likoni, Mombasa, hazifiki 200. Nimekaa Tanga karibu maisha yangu yote na bado jambo hili lilinichukua miaka kulitambua: kwetu sisi ng'ambo ni karibu kuliko Dar. Lakini muulize mtu wa Ngamiani likizo anakwenda wapi, atakwambia Dar kwa shangazi. Mtajie "nje ya nchi" na mawazo yanaruka mpaka Dubai, yanagonga mamilioni, habari inaishia hapo.

Nimemwandikia mtu wa mshahara au biashara ya kawaida, mwenye mke au mume na watoto, ambaye pasipoti yake haijagongwa muhuri hata mmoja, au hana kabisa. Mfano wangu mkubwa ni Mombasa na Diani, ufukwe ulio kusini mwa Mombasa, kwa siku 6, kwa sababu ndiyo safari niliyoipanga mara nyingi na kuikosea mara nyingi. Ukienda Kuala Lumpur hatua ni zilezile, zinaongezeka sifuri tu.

Kwanza tarehe, mahali baadaye

Wengi huanza na picha ya ufukwe waliyoiona kwenye simu. Anza na kalenda, maana kalenda ndiyo inayopanga bei.

Shule zetu hufungwa Juni. Kenya wakati huo wako katikati ya muhula wa pili, wao hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo katikati ya Juni watoto wetu wako huru huku wa kwao wako darasani, na nyumba za kupanga za Diani zimekaa tupu. Mwenye nyumba ambaye Desemba hapokei hata simu yako, Juni anakupigia mwenyewe kuuliza umefikia wapi. Masika yanakuwa yamekwisha, kusi imeanza kuvuma, jua si kali. Bahari huchafuka kidogo na mwani hutupwa ufukweni, jambo linalowakimbiza wageni wa mbali, ila sisi tuliokulia Raskazone tukiokota mwani haliwezi kutukosesha usingizi.

Desemba nakushauri uiache. Wakenya wa bara wanashuka pwani kwa wingi, kuanzia treni hadi chumba cha mwisho kunajaa, na bei inapanda kila unapopepesa jicho. Ukiangukia Ramadhani, jua kwamba mchana Mji wa Kale migahawa mingi hufungwa, lakini usiku kuna uhai ambao miezi mingine huupati. Mimi binafsi niliipenda. Mke wangu, aliyekuwa na mtoto wa miaka minne anayelia njaa saa saba mchana, ana maoni yake.

Ukishapata tarehe, hesabu ukirudi nyuma. Tuseme unaondoka Juni 14. Nyumba iwe imeshikwa mwishoni mwa Aprili. Pasipoti ziwe mkononi kabla ya Machi kwisha. Maana yake maombi yanaingia Januari, na akiba inaanza Desemba. Miezi 6. Ukiwa na miezi 2 tu, usikate tamaa, ila punguza siku.

Pesa: piga hesabu kabla hujamwambia mtu

Ukishatangaza safari kwenye ukoo, umepata abiria. Kwa hiyo hesabu kwanza, kimyakimya.

Hii hapa chini ni kutoka kwenye daftari langu, watu wazima 2 na watoto 2, siku 6, usiku 5. Shilingi ya Kenya nimeihesabu kwa 20 za kwetu, maana ndivyo kichwa kinavyozidisha kwa urahisi. Wewe tazama bei ya siku yako.

Nyumba ndogo yenye jiko, 3,500 za Kenya kwa usiku, mara 5: 350,000 za kwetu. Chakula, tukipika asubuhi na usiku na kula nje mchana, 2,500 kwa siku: 300,000. Matatu (daladala za Kenya) na tuktuk, 800 kwa siku: 96,000. Viingilio na starehe za watoto: 120,000. Nauli ya kwenda na kurudi ya wote wanne nilitenga 200,000. Jumla 1,066,000. Juu yake nikaweka 150,000 ya dharura, ambayo haiguswi na haina maelezo. Inakuja 1,216,000, yaani laki 2 na ushee kila mwezi kwa miezi 6.

Ona kilichobeba bajeti: ni jiko. Familia isiyo na jiko hula nje mara 3 kwa siku, na hapo ile 300,000 haitoshi hata kidogo. Nyumba yenye jiko ikizidi bei ya chumba cha gesti kwa elfu 15, bado ni nafuu.

Pasipoti sikuzitia humo makusudi. Moja ni shilingi 150,000, watu wanne ni 600,000, nusu nzima ya safari. Ukizijumlisha pamoja utaona safari haiwezekani. Lakini pasipoti ya mtu mzima hukaa miaka 10, kwa hiyo ichukulie kama kununua kitanda. Tenga pesa ya moja kila mwezi tangu mwaka uliotangulia.

Pesa ya safari usiiache kwenye simu yako ya kila siku, italiwa na luku na michango ya harusi. Njia iliyonifaa mimi ni mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Ukijiunga, mwombe kijumbe akupangie zamu ya Aprili au Mei. Wengi hugombania namba ya kwanza, kwa hiyo zamu za baadaye kidogo utapewa bila shida. Ukipokea mapema, hadi Juni utakuwa umepaka rangi nyumba.

Pasipoti

Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza taarifa, unapewa namba ya malipo, unalipa 20,000 ya fomu, unachapisha fomu, kisha unaipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na viambatisho. Hiyo 130,000 iliyobaki hulipwa baadaye. Kama huna ujanja wa kompyuta, nenda stationari yoyote wanaofanya kazi hizi, ila kaa pembeni yake uone herufi moja moja anavyoiandika.

Maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Utatakiwa uwe na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa au kiapo cha mzazi wako. Vitoe vyote vitatu, viweke mezani, soma majina kwa sauti. NIDA inasema Mwanahamisi, cheti kinasema Mwanamisi. Cheti cha mtoto kimeandika jina la babu, cha shule kimeandika la ukoo. Kwa sisi wa pwani wenye majina ya kufupisha na kurefusha, hili si jambo la kudhania. Tofauti ya herufi moja inaweza kukupeleka kwa wakili kula kiapo na kukurudisha foleni upya. Mimi nilipoteza wiki 5 kwa herufi "h".

Watoto nao wawe na zao. Kama mzazi mmoja anabaki, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, iliyogongwa muhuri wa wakili. Huenda usiulizwe. Ukiulizwa na huna, mnarudi wote.

Kama una pasipoti ya zamani, tazama tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 mbele kuanzia siku unayoingia. Na kwa wanaotaka kuvuka kwa kitambulisho cha NIDA peke yake: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walikubaliana wao kwa wao mwaka 2014 kutumia vitambulisho vya taifa. Sisi hatukuwemo. Ipo hati ya dharura ya safari, nafuu kuliko pasipoti lakini ya muda mfupi. Waulize Uhamiaji kama inakufaa kwa nchi unayokwenda.

Wapi unaingia bila kuomba visa

Pasipoti yetu ina nguvu kuliko watu wanavyoisema vijiweni. Nchi za Afrika Mashariki kama Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huombi visa. Kenya ilipoanzisha kibali cha mtandaoni Januari 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliachwa nje ya masharti hayo. Kusini nako, Malawi, Zambia, Msumbiji, Botswana na Afrika Kusini unaingia kwa matembezi ya muda bila visa. Mbali zaidi, Malaysia na Singapore hazituombi visa kwa ziara fupi. Sheria hizi hugeuka, kwa hiyo hakikisha kwenye ubalozi wiki ya kulipia, usitegemee alichokwambia jirani aliyekwenda mwaka juzi.

Ukitaka Ulaya ya Schengen, yaani nchi zinazotumia visa moja, maombi ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nazo hazirudi ukikataliwa. Yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Watataka bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000, na taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikiingia na kutoka kama za mtu anayeishi. Milioni 5 zilizotumbukizwa akauntini juzi na kaka yako wanazijua. Halafu ongeza kitu ambacho miongozo ya watu wa Dar haikitaji: balozi ziko Dar, alama za vidole zinachukuliwa Dar, na wewe uko Tanga. Hizo ni safari 2 za basi, labda na usiku wa kulala. Ziandike kwenye bajeti.

Kamwe usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya visa kutoka. Ubalozi ukitaka kuona tiketi, peleka nafasi uliyoshika bila kulipia.

Kushika nyumba, na jinsi nilivyotapeliwa

Mara yangu ya kwanza nilipata nyumba Diani kwenye kundi la simu. Picha nzuri, bwawa la kuogelea, bei ya kutupa. Bwana yule alikuwa mcheshi, ananiita "ndugu yangu wa Tanga", akaomba nusu ya pesa kwa simu ili "asimpe mzungu". Nikatuma. Tulipofika Ukunda, mji ulio jirani na Diani, na mabegi na watoto, simu haipatikani. Dereva wa tuktuk aliangalia picha akacheka kidogo, kwa huruma: nyumba ile anaijua, iko kweli, ila ina mwenyewe mwingine na haipangishwi.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Mwenye nyumba anipigie simu ya video akiwa ndani, afungue bomba nione maji, atoke nje anionyeshe njia. Atakayekataa simu ya video, namalizana naye hapo. Kama natumia tovuti za kushika vyumba, nachagua panaporuhusu kughairi bure, na nazungumza na mwenyeji ndani ya tovuti ile ile. Akinivuta nje "ili tupunguze bei", kinachopungua ni ulinzi wangu. Na usiku wa kwanza ukiwa na wasiwasi, lala gesti ya kawaida, kesho yake zunguka kwa miguu. Juni utapata, na utapata kwa bei ya ana kwa ana.

Tazama pia umbali. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na barabara ya lami hukulipisha tuktuk mara 4 kwa siku.

Siku ya kuondoka, na Horohoro

Toka asubuhi mapema. Kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Mombasa, na kuna usafiri wa vipande: gari hadi Horohoro, kuvuka, kisha matatu ya Lungalunga hadi Likoni. Vipande ni nafuu kidogo na unaondoka saa yako. Basi ni bora kwa mwenye watoto na mizigo, maana linakusubiri mpakani. Kange hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, Mabokweni, Duga, umefika.

Tanga tunasema waja leo, waondoka leo, lakini mpakani hakuna kwenda mbio. Horohoro na Lungalunga ni kituo cha pamoja: ukienda Kenya unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande mmoja. Fungua pasipoti palepale, hakikisha mihuri yote miwili ipo na tarehe inasomeka. Basi likipiga honi, liache lipige. Kadi ya njano ya chanjo iwe karibu. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchoma, na tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, haichomwi tena kila miaka 10. Kwa hiyo usichome wiki ya safari.

Mfuko wa rambo uache nyumbani. Kenya waliupiga marufuku 2017, sisi tukafuata 2019, na bado kuna watu wanafungia viatu humo. Na usibebe mzigo wa mtu, hata wa jirani, hata "ni dawa tu za bibi".

Sasa wabadilisha fedha. Watakufuata na mabunda mkononi kabla hujashuka. Niliwahi kubadilisha na mmoja, laki 4. Akahesabu mbele yangu, noti za 500 za Kenya, akilamba kidole, akanipa nihakikishe. Nikahesabu: imepungua 500. "Kweli kaka, samahani," akalichukua bunda, akachomeka noti moja juu waziwazi niione, akalikunja, akalishindilia kwenye kiganja changu na kunifumba vidole kwa mikono yake miwili kama mtu anayetoa pole. Likoni nilipolifungua zilikuwa pungufu noti 6. Alipokuwa akichomeka moja juu, kidole gumba kilikuwa kinavuta za chini. Ukimrudishia pesa mtu baada ya kuhesabu, ukizipokea tena hesabu upya, tangu moja. Afadhali zaidi, badilisha kiasi cha nauli na chakula cha siku ya kwanza tu kwenye duka lenye leseni, zingine ubadilishe mjini. Na ukipewa noti ya 1,000 ya zamani yenye uso wa Mzee Kenyatta, irudishe: ilifutwa Septemba 2019. Mpya ina picha ya jengo na sanamu.

Ukishafika

Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayepita kwa miguu. Shika watoto mkono na zipu ya begi iwe mbele. Anayebaki Diani hana haja ya kuvuka, Ukunda iko upande wa kusini kabla ya kivuko.

Adui mkubwa wa bajeti Kenya ni tarakimu ndogo. Unaambiwa juisi 150 na akili ya Tanga inasikia bure. Ni elfu 3. Tuliwawekea watoto mchezo: kabla ya kuomba kitu, zidisha kwa 20, sema jibu kwa sauti. Binti yangu mkubwa aliacha kuomba aiskrimu siku ya pili, na hesabu zake zikapanda shuleni.

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingia urithi wa dunia 2011, ina viingilio tofauti. Toa pasipoti dirishani useme wewe ni wa Afrika Mashariki kabla hawajakukatia ya mgeni wa mbali. Mji wa Kale wenyewe hauna kiingilio. Mahamri na mbaazi asubuhi utajihisi uko Barabara ya 12. Mkitaka kuongeza Nairobi, treni inatoka Miritini, daraja la kawaida 1,500 za Kenya tangu 2024. Shika nafasi siku kadhaa kabla.

Laini yako ya Tanzania usiitoe kwenye simu. Benki hutuma namba za siri huko. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje kabla hujaondoka, zima data, na nunua laini ya Kenya kwa pasipoti yako kwa ajili ya intaneti.

Kwa anayekwenda mbali kwa ndege

Usiangalie Dar peke yake. Tafuta bei kutoka Dar, Mombasa na Nairobi kwa tarehe ileile, siku za Jumanne hadi Alhamisi, miezi 2 au 3 kabla. Mombasa ina ndege za Addis Ababa na Dubai, na kwa mtu wa Tanga uwanja ule ni karibu kuliko wa Dar. Jumlisha nauli ya basi, usiku wa kulala na bei ya begi, ndipo ulinganishe. Tiketi rahisi isiyo na begi si rahisi kwa Mtanga anayerudi na zawadi za ukoo mzima.

Zawadi ziwe na fungu lake, majina yaandikwe, na orodha ifungwe siku ya kuondoka. Na kwenye mfuko wa ndani wa begi weka elfu 20 za kwetu ambazo hutazigusa safari nzima. Mkichelewa mpakani mtashuka Kange saa 4 usiku, watoto wamelala mabegani, na dereva wa bajaji hataki kusikia habari za shilingi ya Kenya.